Bujumbura haijulikani kwa dirisha la gari

Tangu mwaka 2021 uhaba wa petroli na dizeli umekuwa ukija na kuondoka nchini Burundi, na mwaka 2024 na 2025 ulifikia hatua ya magari kulala foleni vituoni kwa siku kadhaa. Kabla ya hapo, Machi 2022, serikali ilipiga marufuku pikipiki, baiskeli na bajaji kuingia katikati ya jiji la Bujumbura. Mambo hayo mawili yamefanya kile ambacho hakuna mpango wa serikali wala wa wafadhili uliowahi kukifanya. Yamewatembeza wakazi wa Bujumbura kwa miguu, karani na mchuuzi, mwalimu na mwanafunzi, kutoka mtaa hadi mtaa.

Malalamiko ni mengi na ni ya haki. Mama mjamzito anayetoka Buterere kwenda kliniki hana sababu ya kuusifu mwendo wa miguu. Mwanafunzi anayefika darasani saa tatu asubuhi, jasho likimtoka na tumbo likiwa tupu, hasikii anachofundishwa. Atakayesema kwamba kutembea ni afya ajaribu kubeba gunia la mihogo kutoka Kinama hadi Rohero kwenye jua la saa saba, kisha aje tuzungumze.

Hata hivyo, upo upande wa jambo hili ambao haujazungumzwa vya kutosha. Bujumbura ni jiji ambalo kwa miaka mingi mtu aliweza kuuawa kwa kukanyaga mtaa usio wake. Kwa hiyo swali la nani anatembea wapi, tena kwa hofu au bila hofu, ni swali la siasa na la biashara pia. Maoni yangu ni kwamba sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, pamoja na ndugu zetu wanaovuka mpaka kutafuta riziki, tuna haja ya kuijua Bujumbura ya mitaa isiyotajwa, na kuijua kwa miguu. Wanaolipanga jiji hili wana haja hiyo kutuzidi.

Mitaa iliyopangwa kutengana

Ili msomaji aelewe, turudi nyuma kidogo. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi hapa mwaka 1897. Wabelgiji walipochukua nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliifanya Usumbura, kama ilivyoitwa wakati huo, kuwa makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi. Mji ulipangwa kwa rangi. Wazungu walijijengea Rohero na kwenye miinuko ya Kiriri, ambako upepo wa ziwa unafika. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walipata eneo lao ambalo hadi leo linaitwa Asiatique. Waafrika wakawekwa Buyenzi na Bwiza, kwenye tambarare, nyumba zikibanana na barabara zikipewa namba badala ya majina.

Buyenzi ilikuwa ya Waswahili, yaani watu waliotokana na biashara ya zamani ya ziwani: wa Ujiji, wa Manyema, wa pwani, na Warundi waliojiunga nao, wengi wao Waislamu. Katika miaka ya 1950 shirika la kikoloni la kujenga nyumba za Waafrika, lililojulikana kwa kifupi chake cha OCAF, likajenga Ngagara, ambako watu wanatajiana makazi kwa namba ya kartie. Uhuru ulipokuja mwaka 1962 jina la mji lilibadilika likawa Bujumbura. Mpangilio wa mitaa haukubadilika.

Majina ya utawala ndiyo yamekuwa yakibadilika. Aliyekimbia mwaka 1993 aliacha mitaa mikubwa, baadaye akasikia kwamba jiji lina komuni 13. Aliyekimbia mwaka 2015 anakumbuka kwamba komuni hizo ziliunganishwa zikawa tatu: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Tangu mwaka 2025 nchi nzima ina mikoa mitano na komuni 42, na jiji limo ndani ya mkoa mkubwa wa Bujumbura unaofika hadi mpaka wa Rwanda. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Gitega ilikuwa imefanywa mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki na biashara. Anayeshika karatasi yenye jina la komuni ya zamani anaweza kuzunguka ofisi tatu bila kupata anachotafuta. Lakini ukiuliza Buyenzi iko wapi, mtoto wa miaka sita atakuonyesha kwa kidole. Karatasi zimehama mara nyingi, mtaa umebaki palepale.

Vita vilipochora mipaka

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Katika miaka miwili iliyofuata, mitaa ambayo watu walikuwa wanaishi kwa kuchanganyika ilisafishwa, na neno hilo nalitumia nikijua uzito wake. Kamenge na Kinama zilibaki na Wahutu. Ngagara, Cibitoke, Nyakabiga na Musaga zilibaki na Watutsi. Yalikuwapo makundi ya vijana wenye silaha na siku za kulifunga jiji, ambazo kwa Kifaransa ziliitwa siku za jiji lililokufa. Atakayekutwa upande usio wake siku hiyo hakuwa na wa kumtetea. Mwaka 1995 Kamenge iliondolewa watu kwa nguvu za jeshi.

Kati ya mitaa yote hiyo, Buyenzi ndiyo iliyojulikana kwa kuhifadhi watu wa pande zote. Haikuwa salama kabisa. Machi 1995 mauaji yalifika Bwiza na Buyenzi pia, na maelfu ya watu, wakiwemo raia wa Zaire ya wakati huo, walikimbilia Uvira. Lakini wazee wa Buyenzi ukikaa nao barazani watakueleza jinsi watu walivyofichwa kwenye vyumba vya uani, wakavalishwa kanzu na mitandio, wakafundishwa kuitikia salamu. Mzee mmoja aliniambia jambo ambalo sijalisahau: katika barabara zao zenye namba, kila nyumba ilikuwa na mtu wa kabila tofauti, na kumfukuza mmoja kungekuwa sawa na kubomoa ukuta ambao nyumba mbili zinautegemea.

Mkataba wa Arusha ulisainiwa Agosti 2000, na bunduki zikaanza kunyamaza miaka michache baadaye. Mipaka ya vichwani ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2014 serikali ilizuia watu kukimbia mazoezi kwa makundi barabarani bila ruhusa, kwa hofu kwamba makundi hayo ni ya kisiasa. Aprili 2015 maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza, vizuizi vilisimama Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na Mutakura, na mtu akaanza tena kuulizwa anatoka mtaa gani kabla ya kuulizwa jina. Zaidi ya watu 400,000 waliikimbia nchi katika miaka iliyofuata, na walio wengi walikwenda Tanzania.

Nayaeleza haya kwa sababu wengi wetu hatukuwapo. Mimi nilizaliwa katika makazi ya Katumba, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972, nikasomeshwa kwa Kiswahili kwa mtaala wa Tanzania, na niliingia Burundi kwa mara ya kwanza mwaka 2008, nikiwa mtu mzima. Katika mwaka huo na uliofuata tulirudi watu zaidi ya 50,000 kutoka makazi ya zamani ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ndugu zetu waliorudi tangu mwaka 2017, waliokimbia baada ya 2015, wanazidi 200,000. Sisi tunaoitwa kwa Kirundi abahungutse tulifika na majina ya vijiji vya wazazi wetu vichwani. Wengi walioshindwa kupata shamba huko walishuka Bujumbura, na kila mmoja akaenda mtaa aliko binamu yake. Alipofikia ndipo alipobaki. Wapo watu niliorudi nao ambao wameishi jijini miaka 15 na hawajawahi kuvuka daraja la Ntahangwa ila ndani ya basi.

Kutoka Buyenzi kwenda Buterere

Njia ninayoipendekeza kwa mgeni yeyote inaanzia Buyenzi na kuishia Buterere, ni asubuhi nzima kwa mwendo wa kawaida. Hakuna makaburi ya wafalme wala majumba ya makumbusho katika njia hiyo. Kuna jiji.

Buyenzi inaamka mapema kwa sababu ya swala ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu chai ya tangawizi na sambusa ziko tayari, na mafundi wameshafungua boneti. Huu ndio mtaa wa magari yaliyokufa na kufufuka. Kifaa kinachotafutwa mjini kwa wiki mbili hupatikana hapa ndani ya saa moja, kipya au kilichovuliwa kwenye gari jingine. Fundi wa Buyenzi haulizwi cheti, anaulizwa amejifunza kwa nani. Soko la Ruvumera liko papo hapo, na ndani yake Kiswahili cha Kigoma, cha Uvira na cha Bujumbura hujadiliana bei bila mkalimani. Mtu aliyesoma uhamishoni kwa Kiswahili, ambaye ofisini huambiwa Kirundi chake ni cha kijijini na Kifaransa hana kabisa, hapa anasimama wima.

Ukivuka Ntahangwa tazama chini. Mto huu unaonekana mdogo wakati wa kiangazi, lakini kingo zake zimeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba nyumba zimeanguka na nyingine zimeachwa ukingoni. Ndani ya basi huoni. Kwa miguu unaona hata alama za jiko kwenye ukuta uliobaki wa nyumba iliyokwenda na maji.

Upande wa pili ni Ngagara, na nyumba zake za OCAF zenye viwanja na miti. Kisha kuna Cotebu, jina lililotokana na kiwanda cha nguo cha serikali ambacho siku hizi kinaitwa Afritextile. Hapo ni kituo cha mabasi ya kaskazini na soko lililokua baada ya moto. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura, lililokuwa moyo wa biashara ya nchi nzima, liliteketea kwa siku moja. Maelfu ya wachuuzi walipoteza mali na mikopo. Waliobaki na mtaji kidogo walitawanyika Ruvumera, Cotebu, Kamenge, Kinama, Musaga, Kanyosha, na katika soko la Bujumbura City Market ambalo wengi wanaliita Kwa Siyoni. Msiba ule uliwalazimisha wauzaji wa Musaga kupeleka bidhaa Kinama, na wa Kinama kununua Buyenzi. Mama mmoja anayeuza ndagala alinieleza kwamba kabla ya moto alikuwa hajawahi kukanyaga Kamenge, kwa sababu kaka yake aliuawa karibu na hapo mwaka 1994. Leo wateja wake wakubwa wako Kamenge. Anawakopesha, na wanamlipa.

Cibitoke na Mutakura zinapakana na Kamenge kwa barabara tu. Kwa miaka ya vita barabara hiyo ilikuwa kama ziwa lisilo na mtumbwi. Sasa watoto wanaivuka wakiwa na madumu ya maji. Kamenge penyewe kuna Centre Jeunes Kamenge, kituo cha vijana kilichoanzishwa na wamisionari Wasaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vijana wa mitaa ya kaskazini, wa makabila yote na dini zote. Kituo hicho kilipata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2002, wakati vita bado vinaendelea. Maktaba, viwanja vya mpira na kazi za pamoja za kufyatua matofali viliwakutanisha vijana ambao wakubwa wao walikuwa wanawatafutia bunduki.

Kinama ni mtaa wa mikono: mafundi cherehani, washona viatu, wauza mkaa, wafanyakazi wa nyumbani wanaotoka alfajiri kwenda Rohero na Kinindo. Zaidi ya hapo ni Buterere, jina ambalo wakazi wa katikati ya jiji hulitaja wakikunja pua, kwa sababu takataka zao na majitaka yao huletwa huku. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilishuka kutoka milimani, na maji na tope vikazifunika Kamenge, Kinama na Buterere. Zaidi ya watu 60 walikufa na maelfu wakabaki bila nyumba. Wanaopita kwa gari kwenda uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, ulio jirani kabisa, wanaona mashamba ya mpunga na anga. Hawaoni mifereji iliyoziba ambayo ndiyo itakayoamua nani atakufa mvua nyingine kama ile ikirudi.

Ramani za wanafunzi

Kazi yangu ni kufundisha, nami nitatoa ushahidi wa darasani. Kila mwaka nawapa wanafunzi wa darasa la tisa karatasi tupu na kuwaambia wachore ramani ya Bujumbura bila kutazama kitabu. Matokeo hayatofautiani sana mwaka hadi mwaka. Mtoto wa Kinama huchora Kinama ikajaza nusu ya karatasi, kisha njia ya shule, kisha ziwa kwa mbali. Musaga haimo. Kinindo haimo. Mtoto mmoja aliandika upande wa kusini neno moja tu: wengine.

Wanafunzi hao wamezaliwa baada ya Arusha. Hakuna aliyewafundisha kuogopa Musaga. Walichorithi ni ukimya wa wazazi, njia ambazo mama hapiti, shangazi ambaye haendewi Pasaka wala Idi. Ukimya wa namna hiyo hauondolewi na semina ya maridhiano inayofanyika hotelini, yenye soda na posho ya usafiri. Tunapowatembeza kwa zamu, kwa idhini ya wazazi, tukapita mitaa minne kwa siku moja na kuzungumza na wenyeji, ramani ya pili wanayoichora huwa na masoko, madaraja, misikiti, makanisa na majina ya watu. Neno "wengine" sijaliona kwenye ramani ya pili.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni ndoto za mwalimu, kwamba kilichogawa Bujumbura ni siasa za juu na kitakachoiunganisha ni siasa za juu. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Amri za mwaka 1993 hadi 1995 hazikutoka kwenye baraza za Kinama. Lakini amri mbaya inahitaji mtaa ambao hauwajui jirani zake ili itekelezwe. Ilipokwenda Buyenzi ilikuta watu wanaojuana kwa majina, ndiyo maana ilipata taabu.

Faida kwa mfanyabiashara wa mpakani

Sasa niseme na wanaopita Kobero na Kabanga, Mugina na Manyovu, Gatumba na Kavimvira. Mfanyabiashara wengi wanayemjua Bujumbura anashuka kituoni, analala karibu na kituo, anampa mzigo dalali, yule tunayemwita komisioneri, na kesho anarudi. Anajua bei ya mpakani na bei anayotajiwa na dalali. Hajui bei ya Ruvumera ni ipi, ya Kwa Siyoni ni ipi, wala kwamba bidhaa ileile inapanda kila inapovuka mtaa kwa sababu ya kubebwa kichwani. Tofauti hiyo ndiyo shamba la dalali. Sisemi madalali ni wezi, wapo waaminifu na kazi yao ni halali. Nasema anayetembea mitaa mitatu kabla ya kuuza hahitaji kuamini kila anachoambiwa.

Tena hali ya mipaka inalazimisha. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kundi la M23 liliteka Goma kisha Bukavu, na maelfu kwa maelfu ya Wakongo wakavuka Rusizi kuingia Burundi. Ziwa Tanganyika nalo limekuwa likipanda. Mwaka 2020 maji ya Rusizi yaliifunika Gatumba, na mwaka 2024 mafuriko yalirudi, yakiingia pia Kibenga na Kinindo kwenye nyumba za wenye uwezo. Njia moja ikifungwa, mzigo unatafuta njia nyingine, na anayejua mtaa mmoja tu anabaki na mzigo unaooza. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007 na Kongo tangu mwaka 2022. Karatasi za Jumuiya zinasema tuko soko moja. Soko hilo kwa mtu mwenye mtaji mdogo linaanzia kwenye uchochoro anaoujua na jina la mtu anayeweza kumwachia gunia mbili hadi kesho.

Wanaopanga jiji watembee pia

Mwisho nigusie wenye mamlaka, kwa heshima. Ikiwa wakazi wengi wanatembea, basi mtembea kwa miguu ndiye abiria mkuu wa Bujumbura, na jiji halina budi kupangwa kwa ajili yake. Hali haiko hivyo. Barabara ikitengenezwa, lami inatandikwa hadi kwenye mfereji ulio wazi, na mtembeaji anachagua kati ya gurudumu na shimo. Kuvuka Ntahangwa au Muha kunamlazimisha mtu azunguke mbali, wakati madaraja madogo ya miguu yangekata safari kwa nusu. Taa ziko kwenye barabara kuu, giza liko kwenye njia ambako mama wauza mboga wanarudi saa mbili usiku.

Marufuku ya pikipiki na baiskeli ilielezwa kwa hoja ya usalama na kupunguza ajali. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kijana wa Kinama aliyekuwa anasafirisha abiria kwa baiskeli aliondolewa barabarani bila kuwekewa njia ya baiskeli mahali popote, na abiria wake hakuwekewa njia ya miguu. Kuzuia ni saini moja. Kupanga kunataka mtu ashuke garini, atembee kutoka Cotebu hadi Buterere siku ya mvua, na ahesabu mara ngapi amekanyaga maji.

Mambo yanayohitajika hayagharimu kama barabara ya lami. Kuifunika mifereji kwa zege kunatengeneza njia ya miguu na kuzuia mtoto asitumbukie. Madaraja ya miguu kwenye mito, yaliyowekwa pale ambapo watu tayari wanavuka kwa kukanyaga mawe, yanaunganisha masoko. Kusafisha mifereji ya Buterere kabla ya mvua za Februari kunaokoa roho. Na kuwaacha akina mama wauze kando ya njia bila kuporwa vikapu kunawaweka watu wa mitaa mbalimbali uso kwa uso kila siku, jambo ambalo tumeona linafanya kazi ya amani bila bajeti.

Petroli itarudi siku moja, sote tunaiombea. Hatari ninayoiona ni kwamba siku hiyo kila mtu atarudi kwenye basi lake, Kinama itarudi kuwa kibao cha barabarani kwa mtu wa Musaga, na Musaga itarudi kuwa "wengine". Kwa hiyo ndugu uliyerudi juzi kutoka Nyarugusu au Nduta, na bado unaogopa kutoka nje ya mtaa wa binamu yako, usisubiri mtu akutembeze. Anza na mtaa wa jirani. Amkia kwa Kiswahili Buyenzi, sema Amahoro ukifika Kinama. Nunua kitu kidogo, uliza jina la anayekuuzia, na wiki ijayo rudi kwake.